Kicheko cha mzazi mbele ya utundu wa mtoto: kinatoka wapi, na kinamwambia mtoto nini

Mzazi anayetoka uani na kumkuta mtoto wake wa miaka miwili amekaa katikati ya unga wa dona alioumwaga sebule nzima, kope zimegeuka nyeupe na mikono bado inachota, hupatwa na mambo mawili kwa mpigo: uchungu wa unga uliopotea, na kicheko kinachomponyoka kabla hajaamua kucheka. Baada ya hapo huja swali ambalo wazazi wa Mwanza, kama wazazi wa kila mahali, huulizana vibarazani na kwenye foleni za kliniki: je, nikicheka nitamharibu? Wapo wanaojibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwa hiyo kicheko ni ulegevu. Wapo wanaosema utoto haurudi, basi mwache mtoto acheze. Majibu yote mawili yanachukulia kwamba utundu ni kitu kimoja na kicheko ni kitu kimoja. Ukitazama kwa karibu kile ambacho mtoto anafanya, na kile ambacho uso wa mzazi unamfanyia mtoto huyo, unaona kwamba jibu hubadilika kulingana na aina ya utundu na mahali ulipotokea. Kicheko kisicho na dhara lolote chumbani kinaweza kuwa cha hatari hatua chache kutoka hapo, ukingoni mwa ziwa.

Tuanze na utundu wa mapema kabisa. Mtoto wa miezi kumi ameketishwa mkekani katika nyumba ya Nyakato, mama yake akichambua dagaa kwenye ungo. Mtoto ana kijiko. Anakiinua, anakiachia, kinalia kwenye sakafu ya saruji. Mama anakiokota na kumrudishia. Kinaachiwa tena, safari hii upande wa kushoto, kisha kutoka juu zaidi, kisha karibu na beseni, mpaka kinadondokea ndani ya beseni la bati na kutoa mlio mwingine kabisa. Mtoto anatulia. Anatazama beseni, anamtazama mama, halafu anacheka kwa sauti, na mama, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa amechoka kuinama, naye anacheka.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, aliandika mambo ya namna hii kwa makini makubwa kutokana na kuwatazama watoto wake watatu. Mmoja wao, Laurent, akiwa na umri huo huo wa miezi kumi hivi, alikuwa akidondosha vitu huku akibadilisha mkao wa mkono na mahali pa kudondoshea, na kufuatilia kwa macho kila kimoja kilikoangukia. Piaget alieleza kwamba kuanzia mwishoni mwa mwaka wa kwanza mtoto haridhiki tena na kurudia tendo lililompendeza jinsi lilivyokuwa. Hulirudia kwa kulibadilisha kidogo ili aone matokeo nayo yatabadilikaje. Kwa hiyo kile kinachomchosha mama kuokota ni uchunguzi wa mambo mawili: vitu huangukaje, na mama hufanya nini vinapoanguka. Huo wa pili ndio wenye utamu zaidi, kwa sababu sakafu hutoa jibu lile lile siku zote, ilhali mama hununa, hucheka, huita, hukataa, hushika kiuno.

Umri huo huo huleta utundu ambao watu wazima wengi hawautambui kuwa ni utundu, ingawa nadhani ndio wa kustaajabisha kuliko yote. Mtoto ambaye bado hajatembea anakunyooshea kipande cha muhogo, unapeleka mkono, naye anakirudisha haraka kifuani huku macho yakimetameta. Vasudevi Reddy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, amechunguza mizaha ya watoto wachanga kwa miaka mingi, na ameonyesha kwamba kabla ya kutimiza mwaka mmoja watoto hunyoosha kitu na kukirudisha, hugusa kwa makusudi kile walichokatazwa huku wakimtazama mkatazaji, na huvuruga shughuli ya mwingine ili waone atafanyaje. Tendo la kurudisha kipande cha muhogo ni dogo, lakini lina sharti kubwa ndani yake: mtoto lazima awe amejua kwamba wewe unatarajia kupokea. Asiyejua kwamba mwenzake anatarajia jambo hawezi kumfanyia mzaha wa kulivunja tarajio hilo. Kwa maneno mengine, mzaha wa kwanza wa mtoto ni ushahidi kwamba ameanza kuona kuwa ndani ya mtu mwingine kuna mambo, na amegundua hilo miezi mingi kabla ya kuweza kuunganisha maneno mawili.

Kutoka mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, utundu huhamia miguuni. Huu ni wakati wa mtoto kuitwa akaoge na kukimbia uchi akielekea kwa jirani, akiwa nusu amepakwa mafuta, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache kuhakikisha kwamba bado anafukuzwa. Ni wakati pia wa mkono unaokwenda polepole kwenye rimoti uliyoikataza, huku macho ya mtoto yakiwa hayapo kwenye rimoti bali yapo kwako. Wazazi huuchukulia mtazamo ule kuwa ni dharau. Maelezo yenye nguvu zaidi ni mawili, na yote yanafanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni la ubongo: sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutusaidia kuzuia tendo ambalo mwili umeshalianza, ni ya mwisho kukomaa na huendelea kukua hadi mtu anapofikisha miaka ishirini na kitu. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuijua amri, hata kuirudia kwa mdomo, "usiguse, usiguse," wakati mkono wake unagusa. La pili ni kwamba anauliza swali. Jana ulikataza rimoti. Je, na leo imekatazwa? Imekatazwa na baba tu au na mama pia? Imekatazwa hata wageni wakiwepo? Hana njia nyingine ya kuuliza maswali hayo isipokuwa kupeleka mkono na kukusoma uso.

Katika miaka hiyo hiyo hutokea vichekesho visivyo na ubishi wowote ndani yake, ambavyo ni makosa ya hesabu ya mtoto kuhusu akili za watu. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huvua usiku wa giza kwa mwanga wa taa, wakarudi asubuhi na kulala mchana. Katika nyumba nyingi za Igogo na Kirumba baba wa namna hiyo huamshwa na vidole vidogo vinavyofungua ukope wake kwa uangalifu, kama mtu anayefunua chungu, na sauti inayouliza kwa karibu sana: "Baba, umeamka?" Mtoto amegundua kwamba aliyeamka ana macho wazi, na kutokana na hilo anahitimisha kwamba kufungua macho ni kuamsha. Jamaa wa tendo hilo ni kule kujificha nyuma ya pazia miguu ikiwa nje, au kusimama katikati ya chumba na kufunika macho kwa viganja. Majaribio yaliyofanywa Uingereza na Marekani katika miaka ya hivi karibuni yameonyesha kwamba watoto wa miaka mitatu na minne husema mtu aliyefunika macho haonekani, ingawa wanakubali, wakiulizwa, kwamba mwili wake unaonekana. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwa mtoto mdogo kuonana ni jambo la pande mbili: kama macho yetu hayajakutana, hatujaonana. Ukilifikiria vizuri, hilo si wazo la kijinga.

Halafu huja uongo. Hapa ndipo wazazi wengi hukunja uso, na hapa ndipo mimi ningependa wakunjue kidogo. Binti yangu, alipokuwa na miaka mitatu, alisimama mlangoni mwa jiko na sukari imemganda kuanzia puani hadi kidevuni. Nilimuuliza, "Mama, nani kala sukari?" Akajibu bila kusita, "Paka." Nikamuuliza ni paka gani, akafikiri, akasema, "Paka wa jirani. Alitumia kijiko." Kijiko chenyewe alikuwa amekishika.

Utafiti wa uongo wa watoto wadogo una jaribio moja maarufu: mtoto huachwa chumbani peke yake na mwanasesere aliye nyuma yake, akaambiwa asigeuke kutazama, kisha mtafiti hurudi na kumuuliza kama alitazama. Wengi hutazama. Wanaokana ni wachache wakiwa na miaka miwili, hukaribia nusu wakiwa na mitatu, na huwa wengi sana wakifika minne. Victoria Talwar na Kang Lee, waliochapisha utafiti wao mwaka 2002, waliongeza swali la pili kwa waliokana: unadhani ni mwanasesere gani? Watoto wengi wa chini ya miaka sita walimtaja kwa jina palepale, bila kuona kwamba jibu hilo linabomoa lile la kwanza. Ndicho kilichotokea mlangoni mwa jiko letu. Kusema "paka" kunahitaji mtoto ajue kwamba mimi sikuwepo na kwa hiyo sijui alichofanya. Kuficha kijiko kunahitaji hatua nyingine mbele yake, kwamba mimi nitatazama, nitaona, na kuunganisha. Hatua ya kwanza alikuwa ameifikia, ya pili bado. Heinz Wimmer na Josef Perner walionyesha mwaka 1983, kwa hadithi fupi ya mvulana aliyeweka chokoleti kabatini na mama yake akaihamisha wakati hayupo, kwamba ni kuanzia miaka minne hivi ndipo watoto wengi huanza kuelewa kuwa mtu anaweza kuamini jambo lisilo la kweli, na kwamba atafuata imani yake hiyo. Mtoto wa miaka mitatu anayedanganya vibaya anapiga hodi kwenye mlango huo.

Kuiga kunastahili neno moja tu, kwa kuwa kila mzazi anakujua: mtoto anayesimama juu ya stuli na kuita "Buhongwa, Buhongwa, wawili tu!" kwa sauti ya konda, au anayemfokea mwanasesere kwa maneno yale yale, hata mkunjo wa nyusi ule ule, aliofokewa yeye asubuhi. Tunacheka kwa sababu tumejiona.

Sasa, kwa nini kicheko? Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walitoa maelezo ambayo yanaingia vizuri sana katika suala hili. Walisema jambo huchekesha pale linapokuwa limevunja taratibu tunazozitegemea na wakati huo huo tukawa tumeliona halina madhara, yote mawili yakifika akilini pamoja. Utaratibu ukiwa haujavunjwa, hakuna cha kucheka. Madhara yakiwapo, kicheko hukatika. Mtoto mdogo huvunja taratibu za nyumba kutwa nzima, na karibu kila mara huzivunja kwa mikono isiyo na nguvu na nia isiyo na ubaya. Kuna pia umbo lake lenyewe: Konrad Lorenz aliandika mwaka 1943 kwamba kichwa kikubwa, macho makubwa, mashavu ya mviringo na miguu mifupi huamsha kwa mtu mzima hamu ya kulinda, na uso wa namna hiyo ukiwa umepakwa unga ni vigumu kuukasirikia kwa muda mrefu. Na kicheko ni jambo la watu kuliko la mtu: Robert Provine, aliyewasikiliza watu wakicheka katika maisha ya kawaida, alikuta kwamba tunacheka takribani mara 30 zaidi tukiwa na wenzetu kuliko tukiwa peke yetu. Mzazi aliyeona kituko peke yake huwa na haraka ya kumpigia mtu simu amsimulie.

Maelezo hayo ya madhara yana upande ambao wanaoandika kuhusu malezi huusahau. Unga uliomwagwa ni kituko katika nyumba yenye gunia stoo. Katika nyumba ambayo kilo ile moja ndiyo ilikuwa ugali wa usiku, ni msiba mdogo, na mama wa nyumba hiyo asipocheka hatuna haki ya kusema hana moyo wa kucheka na mtoto. Uvumilivu wa utundu hutegemea sana nafasi, fedha na uchovu. Mtoto yule yule, tendo lile lile, hupata kicheko Jumapili mchana na kofi Jumatatu jioni, na kwa mtoto tofauti hiyo haielezeki.

Zamani, na bado katika familia nyingi za kanda hii, kazi ya kucheka na kazi ya kukataza ziligawanywa kwa watu tofauti. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu," humwambia amletee mboga kama mume anayejua wajibu, naye mjukuu huruhusiwa kumtania kwa maneno ambayo angeyasema kwa mama yake angekiona cha moto. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, alieleza mwaka 1940 kwamba utani wa babu na bibi na wajukuu katika jamii nyingi, za Afrika zikiwemo, huenda sambamba na heshima na mamlaka yaliyopo kati ya mzazi na mtoto: upande mmoja hupewa ulegevu ili upande wa pili uweze kushikilia kanuni. Mtoto aliyelelewa katika mpango huo hujua kwamba kituko cha kupinduka juu ya magunia ni cha kupeleka kwa bibi, na kwamba uso wa mama una maana moja. Lakini mama anayeishi chumba kimoja cha kupanga Mabatini, bibi akiwa Sengerema au Ukerewe, analazimika kufanya kazi zote mbili kwa uso mmoja. Anacheka na kukataza ndani ya pumzi moja: "Wee, acha, hahaha, nimesema acha." Sidhani kwamba mama huyu ni mlegevu kuliko mama yake alivyokuwa. Amebebeshwa kazi ambayo zamani iligawanywa.

Na uso ule mmoja unasomwa vikali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mzazi wa mji wa mawe na maji angepaswa kulijua. Watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza yenye kioo, ambayo chini ya kioo hicho ilionekana kama ina bonde fupi, si kubwa la kutisha wala si dogo la kupuuzwa. Upande wa pili alisimama mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa woga, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Hakuna neno lililosemwa. Mtoto akiwa hana hakika kama jambo ni salama, hutazama uso wa mzazi na kuufuata, na uso unaocheka unasema: endelea.

Hapo ndipo "acha, hahaha" hukwama. Maneno yanakataza na uso unaruhusu, na mtoto wa mwaka mmoja au miwili huamini uso. Kuziba mdomo kwa kanga hakusaidii sana, kwa sababu mabega yanatikisika na macho yanacheka. Ongeza juu yake jambo lililothibitishwa mara nyingi tangu B. F. Skinner na wanafunzi wake walipolichunguza katikati ya karne iliyopita: tendo linalolipwa mara moja moja, bila mpangilio, hung'ang'ania kuliko tendo linalolipwa kila mara, kwa kuwa asiyejua malipo yatakuja lini hana sababu ya kuacha kujaribu. Mzazi anayekasirika mara tatu na kucheka ya nne amempa mtoto sababu ya kujaribu mara ya tano, ya sita na ya saba. Simu nazo zimeleta lao. Mtoto amefanya kituko, watu wazima wamecheka, halafu mmoja anasema, "Hebu rudia tena nikurekodi." Tangu sekunde ile tendo lile limeacha kuwa jaribio la mtoto na limekuwa onyesho la ukumbi, na mtoto aliyeombwa kumtukana mjomba mbele ya kamera hatajua kwa nini anapigwa akilirudia tusi hilo kanisani.

Ieleweke kwamba kiasi cha utundu hakikuandikwa kwenye umri peke yake. Bettina Lamm na wenzake walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa watoto wa miaka minne wa Kinso, jamii ya wakulima nchini Kameruni, na watoto wa umri huo wa Ujerumani. Kila mtoto aliachwa na kitafunwa, wa Kameruni wakipewa andazi dogo la kukaangwa, na kuambiwa kwamba akisubiri bila kula atapata cha pili. Karibu 70 kati ya kila watoto 100 wa Kinso walisubiri dakika 10 zote. Kwa Wajerumani walikuwa chini ya theluthi moja, na wengi wa wale waliosubiri walihangaika kitini, wakaimba, wakageuka kuelekea ukutani. Mama wa Kinso, kwa maelezo ya watafiti, huwapenda watoto wao kwa ukaribu mkubwa wa mwili na wakati huo huo hutarajia utii tangu mapema. Nausoma utafiti huo kama uthibitisho kwamba kuzuia mkono hufundishika hata katika umri ule, na kwamba upendo mwingi hauzuii fundisho hilo. Hausemi kwamba nyumba iliyo kimya ndiyo iliyo bora, na watoto waliokuwa wanaimba ili wasile andazi nao walikuwa wanafanya kazi.

Turudi ziwani, kwa kuwa huku ndiko maarifa haya yanakotakiwa kutumika kwa ukali. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba watu takribani 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mji wetu umejengwa ubavuni mwa maji. Watoto wanakua wakiona mitumbwi, wanawafuata mama zao kwenye kufua na kuanika dagaa, na kwenye fukwe nyingi hakuna kizuizi chochote kati ya mchanga na kina. Sasa mfikirie mtoto wa miaka miwili ambaye kwa wiki nzima, kila akiitwa kuoga, amekimbia na kufukuzwa, akashikwa na kutekenywa, watu wote wakicheka. Amejifunza mchezo: ukiitwa, kimbia, utafukuzwa kwa furaha. Siku anapoitwa na mama yake akiwa hatua kumi kutoka majini, atafanya nini? Atageuka, atacheka, na atakimbia kuelekea upande ulio wazi. Hajaasi. Anacheza mchezo aliofundishwa, na hana namna ya kujua kwamba kanuni zake zinaishia mlangoni mwa nyumba.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mchezo wa kukimbia unapoitwa ndio utundu pekee wa kawaida ambao wazazi wa pwani ya ziwa tunapaswa kuunyima kicheko kabisa, hata ndani, hata siku za furaha. Kufukuzana kuwepo, na kuwepo kwingi, lakini kuanze kwa neno lake lenyewe, "nakukamata!", na jina la mtoto likiitwa pamoja na "njoo" liwe na maana moja: kusimama na kurudi. Uso wa mzazi kando ya maji uwe uso wa yule mama wa upande wa pili wa meza, wa woga ulio wazi, kila mara bila kuacha hata moja, pamoja na mkono wa kushika, kwa sababu uso peke yake hauogelei. Uso huo huo ni wa jiko la mkaa, wa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, wa ndoo iliyojaa, ambayo mtoto anayeinama kichwa kikiwa kizito kuliko miguu anaweza kushindwa kujitoa, na wa yale mawe ya Isamilo na Mabatini ambayo watoto huyapanda kama mbuzi. Maji ya kina kifupi yenye nyasi huongeza kichocho juu ya hayo. Orodha ya mambo ya kutochekea ni fupi, na ufupi wake ndio unaoifanya ifuatike.

Yaliyobaki, ambayo ni mengi, yachekewe bila hatia. Mtoto wa kijiko apewe makopo, kifuniko cha sufuria na kijiko cha mti, na aachwe alinganishe milio. Akitaka maji, beseni liwe na maji ya vidole viwili na mtu mzima akae hapo hapo mpaka yamwagwe. Mtoto wa muhogo apewe mwenzake wa mzaha: nyoosha nawe, rudisha nawe, umwone anavyofurahi kugundua kwamba hata mtu mzima anajua mchezo huu. Baba wa dagaa alalie chumba cha ndani. Kwa unga uliomwagwa, ukishindwa kuzuia kicheko, geuka, maliza kucheka uani, kisha rudi na ufagio mdogo na umshikishe mtoto, mzoe pamoja. Kicheko kilichokwisha kabla ya kanuni kutajwa hakiichanganyi kanuni, na kinachokuja baada ya kuzoa kinamwambia mtoto kwamba mambo yametengenezeka. Simu kwa bibi Ukerewe ipigwe mtoto akiwa amelala, ili kituko kisimuliwe kikamilifu bila mwenyewe kusikia kwamba kimependwa.

Kuhusu uongo, badiliko moja tu la mzazi huondoa nusu ya matatizo: usimuulize mtoto jambo ambalo jibu lake umeliona usoni mwake. "Nani kala sukari?" ni mwaliko wa kudanganya, na mtoto wa miaka mitatu hukubali mialiko. "Umekula sukari, mama, njoo tunawe, kopo tuliweke juu" haiachi nafasi ya paka. Akikuambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba amevunja kikombe, basi hilo la kusema lishukuriwe kwanza, kwa sauti, kabla ya kikombe kuzungumzwa, kwa sababu kufikia miaka sita na saba, kama utafiti ule wa 2002 ulivyoonyesha, karibu nusu ya watoto wanaokana huweza kujifanya hawajui hata jina la mwanasesere, na kuanzia umri huo mzazi hutegemea zaidi na zaidi kile ambacho mtoto ameamua kumwambia.